Usingoje Nywele Zisimame

Katika jimbo la California, nchini Marekani, kuna jabali kubwa linaloitwa Moro Rock. Ni jiwe tupu lililochomoza juu ya msitu. Watu walilitengenezea ngazi ubavuni na kuweka vyuma vya kushikilia, ili kila anayetaka afike kileleni. Ukifika huko uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na juu yako hakuna kitu ila mbingu.

Tarehe 20 Agosti 1975 ndugu wawili wa kiume walipanda jabali hilo pamoja na dada yao. Mkubwa alikuwa na miaka 18, mdogo miaka 12. Walikuwa wamefuga nywele ndefu, maana ndiyo iliyokuwa mitindo ya vijana wa kule siku zile. Wakiwa kileleni wakaona jambo la ajabu: nywele zao zinanyanyuka zenyewe. Hazikupeperushwa upande huu wala ule. Zilisimama zikaelekea juu.

Wakaanza kuchekana. Kamera ikatoka, picha zikapigwa. Kaka mkubwa akainua mkono hewani, na pete aliyovaa kidoleni ikaanza kuvuma kwa sauti ambayo wote walioko pale waliisikia. Wakaona ni mchezo mzuri. Punde baridi ikashuka, mvua ya mawe ikaanza kudondoka, wakaamua kuteremka. Hawakuwa wamekwenda mbali radi ilipopiga. Mdogo akaanguka, mgongo wake ukifuka moshi. Alipona, ingawa aliungua vibaya. Mtu mwingine aliyekuwa palepale jabalini alikufa.

Picha ile ipo hadi leo, na wanaofundisha usalama wa radi wanaionyesha katika nchi nyingi. Ndani yake vijana wawili wanatabasamu huku nywele zimewasimama. Kila nikiitazama moyo unanishuka, kwa sababu mimi najua kilichokuwa kinafuata na wao hawakujua. Hawakuwa wajinga wala watundu. Hakuna aliyewahi kuwaambia. Basi wanangu, mimi nawaambia ninyi.

Anzeni na wingu lenyewe. Lile wingu la radi tunaloliona likitia giza mchana, kwa chini ni jeusi, lakini hatuoni urefu wake. Katika nchi zetu za joto kilele chake hupita kilomita 12 kwenda juu, wakati mwingine hufika 16. Mlima Kilimanjaro, na ukubwa wake wote, hauifikii nusu ya urefu huo. Huko juu ni baridi ya kugandisha, hata kama chini watu wanatokwa jasho. Ndani ya wingu hewa ya joto inapanda kwa nguvu ikiwa imebeba chembe ndogo sana za barafu, na chembe hizo zinagongana na punje nzito za barafu laini zinazoshuka. Zikigongana, zinaachiana chaji ya umeme. Mnakijua kichana cha plastiki, kikipitishwa kwenye nywele kavu kinavyookota vipande vya karatasi? Kazi ni hiyohiyo, ila wingu linaifanya kwa punje zisizohesabika na kwa muda mrefu. Chembe nyepesi hupanda juu na chaji chanya. Punje nzito hubaki katikati na chini na chaji hasi.

Chaji hasi ya chini ya wingu ikizidi, ardhi nayo haitulii. Chaji chanya hukusanyika juu ya uso wa ardhi na kupanda kwenye chochote kilichochomoza: mnazi, mnara wa simu, mnara wa msikiti, nguzo ya goli, mchungaji aliyesimama mbugani. Kisha wingu linaanza kujitengenezea njia kuja chini. Njia hiyo hushuka kwa hatua, kila hatua takribani mita 50, ikipinda huku na kule, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Ikishakaribia, vitu vya ardhini vinatoa nyuzi zao nyembamba za umeme kwenda juu kuilaki. Uzi mmoja ukikutana nayo, mlango umefunguka. Mkondo mkubwa unapita, na hewa iliyoko njiani inapata joto la nyuzi 30,000 hivi, karibu mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa hiyo inatanuka kwa ghafla na kuisukuma hewa ya jirani, na mshindo wake ndio ngurumo tunayoisikia.

Sasa rudini kwenye nywele za wale vijana. Kila unywele ulikuwa umejaa chaji ya aina moja na mwenzake, na chaji za aina moja husukumana. Ndiyo maana kila unywele ulijitenga na mwingine ukasimama peke yake. Kwa maneno mengine, ardhi iliyo chini ya miguu yao ilikuwa tayari, na miili yao ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyochomoza. Nywele hazikuwa zikisema kwamba radi itakuja baadaye. Zilikuwa zikisema: ninyi ni sehemu ya njia.

Dalili nyingine za aina hiyo, za kwamba radi iko karibu kupiga, ni hizi. Mwili unasisimka, vinyweleo vya mikono vinasimama, ngozi inachomachoma. Vitu vya chuma vinaanza kulia: jembe begani, mwavuli, fito za hema, waya wa seng'enge, pete kama ile ya Moro Rock. Mlio wake ni wa kuvuma au wa kukwaruza, na hata mawe ya mlimani yanaweza kuutoa. Pengine utasikia harufu kali hewani, ile inayosikika karibu na mashine ya umeme inayotoa cheche. Usiku, ncha za vitu virefu zinaweza kuwaka mwanga hafifu wa buluu. Mabaharia wa Ulaya waliuona mwanga huo kwenye milingoti ya meli zao kwa karne nyingi, wakaupa jina la mtakatifu wao Elmo.

Ukiona hata moja kati ya dalili hizo, huna dakika za kupanga. Huenda una sekunde tu. Wengi waliopigwa hawakupata hata dalili hiyo moja. Kwa hiyo anayengoja nywele zisimame ndipo akimbie, amengoja mno. Nitarudi kwenye la kufanya katika sekunde hizo, lakini nataka kwanza mzijue dalili za mapema, kwa kuwa ndizo zinazookoa watu.

Wazee wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu, na kwa radi pia tunaanzia hapo. Wingu linalokua kwenda juu haraka mchana wa jua kali, kichwa chake kikinenepa na kung'aa na chini yake pakiiva giza, ni wingu la kuangaliwa. Halafu unakuja upepo wa ghafla wenye baridi, unaoinua vumbi na kugonga madirisha. Hewa hiyo imeshuka kutoka ndani ya wingu lenyewe, kwa hiyo ukiihisi, wingu haliko mbali. Kama nyumbani kuna redio ya zamani inayoshika mawimbi ya kati, itakwaruza kila umeme unapopiga, hata ule ulio mbali usioonekana.

Dalili kubwa kuliko zote ni ngurumo. Mwanga wa radi hutufikia papo hapo. Sauti hutembea polepole zaidi, kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo huhitaji takribani sekunde tatu kumaliza kilomita moja. Ukiona mwanga, anza kuhesabu taratibu: mia na moja, mia na mbili, mia na tatu. Ngurumo ikilia, gawa hesabu yako kwa tatu. Sekunde tisa ni kilomita tatu. Sekunde 15 ni kilomita tano. Sekunde 30 ni kilomita kumi.

Kwa miaka mingi watoto walifundishwa kwamba hesabu ikiwa chini ya 30, wakimbilie ndani. Si mafundisho mabaya, lakini naona yana kasoro moja. Mtoto anayehesabu bado yuko nje. Tena radi haifuati mstari. Inaweza kupiga hapa sasa na dakika moja baadaye kilomita nane upande mwingine. Inaweza kuchomoka ubavuni mwa wingu, ikasafiri mbali, na kupiga mahali ambapo mvua haijafika na jua bado linawaka. Oktoba 2017 huko Marekani mmweko mmoja ulienea kilomita 829 mawinguni, ambayo ndiyo rekodi ya dunia iliyothibitishwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Ngurumo kwa kawaida haisikiki zaidi ya kilomita 15 hivi. Kwa hiyo ukiisikia, hata iwe ya mbali na dhaifu, tayari uko ndani ya eneo ambalo radi inaweza kukufikia. Hesabu mkiwa ndani, kama mnapenda. Ni hesabu nzuri na inafurahisha. Lakini miguu iondoke kwanza.

Hili najua ni gumu. Mpira umenoga, mnaongoza bao moja, mvua hata haijaanza, na ngurumo imelia mara moja tu huko ng'ambo ya kilima. Nani atakubali kutoka uwanjani? Mwamuzi mwenye busara anapuliza kipenga hapo hapo. Asipopuliza, nahodha anayewapenda wenzake anatoa timu yake.

Nasema haya kwa sababu sisi tunaishi katika moja ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Vipimo vya setilaiti vilivyochapishwa mwaka 2016 viliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela nafasi ya kwanza duniani, na ya pili ikawa Kabare, mashariki mwa Kongo, karibu na Ziwa Kivu: zaidi ya mimweko 200 kwa mwaka juu ya kila kilomita moja ya mraba. Na Ziwa Victoria lina tabia yake. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo hutoka ziwani kwenda bara, na mawingu hujengeka juu ya vilima vya pembezoni. Watu wa Kisii na Kakamega wanaijua vizuri ngurumo ya alasiri. Usiku mambo yanageuka. Bara linapoa, ziwa linabaki na joto, pepo kutoka pande zote huteremka ziwani na kukutana katikati, na hewa inalazimika kupanda. Ndiyo maana dhoruba kubwa za ziwa hilo hutokea usiku wa manane hadi alfajiri, saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao.

Mvuvi aliye katikati ya ziwa hana pa kukimbilia. Mtumbwi ni mdogo, maji ni tambarare, na yeye ndiye aliyechomoza. Kwake yeye kusikia ngurumo ni kuchelewa. Dalili yake ya kweli ni taarifa ya hali ya hewa ya jioni, kabla hajasukuma chombo. Kama baba au kaka yako anavua, mkumbushe kusikiliza utabiri wa mamlaka ya hali ya hewa. Anaweza kukucheka, lakini mkumbushe.

Sasa tuje kwenye pa kukimbilia, na hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi waliokufa kwa radi katika nchi zetu walikuwa wamekwisha kuingia ndani.

Tarehe 28 Juni 2011 radi ilipiga Shule ya Msingi Runyanya katika wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Wanafunzi 18 walikufa. Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek kaskazini mwa Uganda, watu 14 walikufa wakiwa kwenye ibada ndani ya jengo la muda. Januari 2025 wanafunzi 7 wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita, Tanzania, walikufa wakiwa darasani. Hawa hawakuwa wakicheza mvuani. Walikuwa chini ya paa.

Paa peke yake huzuia mvua. Radi ni habari nyingine. Kinachomlinda mtu ndani ya jengo ni njia ya umeme kuzunguka nje yake na kushuka ardhini bila kumpitia yeye. Nyumba kubwa iliyojengwa kwa zege au matofali, yenye nyaya za umeme ukutani na mabomba ya maji yaliyozama ardhini, inayo njia hiyo. Radi ikipiga, sehemu kubwa ya mkondo hufuata nyaya na mabomba. Kwa sababu hiyohiyo, ukiwa ndani usishike kitu kilichounganishwa navyo: usioge, usioshe vyombo kwenye bomba, usichezee simu iliyochomekwa ukutani, usiegemee ukuta wa zege wala mlango wa chuma. Simu isiyochomekwa mahali haina shida. Simu haiiti radi.

Jengo ambalo halina njia hiyo linaweza kupewa. Vizuia radi ni chuma kilichosimamishwa juu ya paa, waya mnene wa shaba unaoshuka ukutani, na fimbo zilizozamishwa ardhini. Benjamin Franklin wa Marekani alilipendekeza wazo hilo katikati ya karne ya 18, na halijapitwa na wakati. Baada ya msiba wa Runyanya, watafiti na madaktari walianzisha nchini Uganda mtandao uitwao ACLENet, ambao kazi yake moja ni kuweka vizuia radi mashuleni. Kama shule yenu inavyo, kautazameni ule waya unaoshuka ukutani, bila kuushika. Je, unafika ardhini? Shaba ina bei na wezi wanaipenda, na waya uliokatwa katikati haumlindi mtu. Mkiona umekatwa, mwambieni mwalimu siku hiyohiyo.

Gari lililofungwa, lenye paa la chuma, ni mahali pazuri sana: daladala, matatu, basi la shule, lori. Wengi hudhani matairi ya mpira ndiyo yanayokinga. Sivyo. Radi iliyoruka kilomita kadhaa hewani haishindwi na mpira wa kipimo cha kiganja. Kinachokinga ni bodi ya chuma, inayoupeleka umeme kwa nje hadi ardhini. Fungeni vioo na msiguse vyuma vya ndani. Alikuwako mlinzi wa hifadhi huko Virginia, Roy Sullivan, aliyepigwa na radi mara saba kati ya mwaka 1942 na 1977 na akapona zote. Mara moja, mwaka 1969, alikuwa ndani ya gari lake, na dirisha lilikuwa wazi. Pikipiki na bajaji hazimo katika hesabu hii, kwa kuwa hazikufungi na chuma pande zote.

Na vile vibanda tunavyovikimbilia? Kibanda cha kusubiria basi, banda la ng'ombe, kibanda cha kulindia shamba, turubai la sherehe, hema: havimo. Nyumba ya udongo na nyasi haina njia ya kupeleka umeme ardhini, na nyumba ya bati isiyo na nyaya wala mabomba nayo si ya kuiamini. Najua wengi wenu ndizo nyumba mlizo nazo, na siwezi kuwaambia mhame leo. Kama kuna shule yenye vizuia radi au gari lililofungwa karibu, nendeni huko wakati ngurumo bado iko mbali. Kama hakuna, kaeni katikati ya chumba, mbali na kuta na nguzo, miguu imebanwa pamoja, na msirundikane mahali pamoja.

Mti ndio mtego wa zamani kuliko yote. Mvua inanyesha, mwembe uko pale na majani mazito, na kila aliyeko shambani anakimbilia hapo. Radi ikiupiga mti huo, umeme unashuka shinani, na kwa kuwa mwili wa mtu hupitisha umeme vizuri kuliko mbao, sehemu yake huruka kutoka shinani hadi kwa aliyesimama kando. Inayobaki inaingia ardhini na kusambaa pande zote. Hapo ndipo watu na wanyama wengi zaidi hupatwa, wala si kwa kupigwa moja kwa moja. Umeme unaosambaa ardhini una nguvu karibu na shina na unapungua kadiri unavyokwenda mbali. Kama mguu wako mmoja uko karibu na mwingine uko mbali, tofauti hiyo inausukuma umeme upande mguu mmoja, upite mwilini, utokee mguu wa pili. Ng'ombe ndiye anayeumia zaidi, maana miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana na moyo uko katikati. Agosti 2016, kwenye uwanda wa juu wa Hardangervidda nchini Norwe, kulungu wa baridi 323 walikutwa wamekufa pamoja baada ya dhoruba moja. Walikuwa wamejikusanya, kama wanyama wafanyavyo wakiogopa, na ardhi iliwafikia wote.

Ukilielewa hilo, hutahitaji kukariri la kufanya ukikutwa mbali na pa kujihifadhi. Unajua kwa nini usilale chini: ukilala, mwili mzima unagusa ardhi, kichwa huku na miguu kule. Unajua kwa nini mtawanyike, hatua nyingi kati ya mtu na mtu, hata kama hofu inawavuta mshikane mikono. Radi moja isiwaangushe wote, abaki wa kusaidia. Unajua kwa nini ushuke kilimani, utoke majini, uache seng'enge na nguzo, uteremshe jembe begani, ushuke kwenye baiskeli. Wafugaji wadogo nawaomba hasa: waacheni ng'ombe. Mzazi atalia kwa ng'ombe, lakini hatamlinganisha na mtoto wake.

Na nywele zikisimama? Ondoka. Kimbia kuelekea mahali pa chini na pa salama, mbali na kitu kirefu. Vitabu vya zamani vilifundisha kuchuchumaa juu ya vidole na kuziba masikio. Wataalamu wengi sasa hawaipi nafasi kubwa mbinu hiyo, kwa sababu haimlindi mtu vya kutosha, na inamfanya aamini kwamba yuko salama akiwa palepale. Kama kweli huwezi kukimbia popote, chuchumaa, visigino vigusane, kichwa chini. Lakini usiihesabu kuwa kinga.

Mmesikia pia kwamba nguo nyekundu inavuta radi, na kwamba vioo vifunikwe kwa kanga. Mavazi hayana neno na vioo havina neno. Mmesikia vilevile kwamba radi hutumwa na mtu kwa mtu, na kwamba Sumbawanga kuna mabingwa wa kuituma. Wengine husimulia kwa kuchekesha, ila katika vijiji fulani jambo hili si la kucheka: baada ya msiba hutafutwa mchawi, na bibi kizee asiye na hatia hunyooshewa kidole. Wingu halijui jina la mtu. Mmeona linavyofanya kazi, tangu punje ya barafu hadi uzi wa umeme, na hakuna mahali ambapo mkono wa jirani unaingia.

Dhoruba ikipita, msitoke mbio. Ngojeni dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na ikilia nyingine, anzeni kuhesabu upya. Watu hupigwa mwishoni mwa dhoruba, mvua imekata na jua linachungulia.

Mwenzenu akipigwa, mshikeni. Hana umeme mwilini, hawezi kuwadhuru, na kuchelewa kumshika kwa hofu hiyo kumewanyima wengi nafasi ya kuishi. Mtu mmoja akimbie kuita watu wazima na gari. Kama radi bado inapiga, msogezeni kwenye usalama kwanza. Kama wameanguka wengi, anzeni na yule asiyetikisika. Anayelia anapumua na anaweza kungoja kidogo. Kama hapumui, mlazeni chali, mkandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na anayejua kumpulizia pumzi mdomoni ampulizie mara mbili baada ya kila mikandamizo 30. Moyo uliosimamishwa na radi mara nyingi huanza tena wenyewe, lakini pumzi huchelewa, na mtu hufa kwa kukosa pumzi. Msichoke upesi.

Wengi wanaopigwa hawafi. Wanaweza kuamka hawasikii vizuri, hawakumbuki kilichotokea, au miguu imekufa ganzi na kubadilika rangi, na ganzi hiyo mara nyingi huondoka baada ya saa chache. Wengine huonekana ngozini michoro myekundu yenye matawi, inayofanana na majani ya kangaga. Msikubali mtu aseme ni chapa ya mchawi. Ni alama ya umeme uliopita, na hufutika yenyewe baada ya saa au siku chache. Mpelekeni hospitali hata akisema yuko mzima, na mwambieni daktari kwamba alipigwa na radi, saa ngapi, na kama alizimia.